Jogoo wa Mpiga Besi

Mume wangu Yona alivuka mpaka wa Horohoro, akaenda Mombasa kununua gitaa la besi jipya lililotengenezwa lionekane kuukuu. Narudia, maana hata mimi ilinichukua muda kuelewa. Lilikuwa jipya, ndani ya boksi lake, na nailoni yake, na kijikaratasi chake cha Kichina. Lakini lilipakwa rangi ya kahawia inayofifia kuwa manjano katikati, na ubavuni limechubuliwa kiwandani kwa makusudi, pale ambapo mkono wa mpigaji ungepachubua baada ya miaka thelathini. Sasa mjue kwamba mwanamume huyu ni mpaka rangi. Kinachotulisha ni kufanya nyumba kuukuu za watu zionekane mpya. Alipopata pesa yake mwenyewe akaenda kununua kinyume chake.

Bei haikuwa kubwa, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwa sababu nilikosa la kugombea.

Hapa kwetu Nguvumali wapo waliompa pole kwa kuuziwa mtumba. Mzee Uweso wa dukani alifanya makubwa zaidi: aliapa kwamba gitaa lile analijua, alilichezea dansi ujanani, na aliyekuwa akilipiga ni marehemu. Yona akamweleza kwa adabu kwamba limetoka kiwandani mwaka jana. Mzee Uweso akamwambia, "Wewe kijana, usinifundishe nilichokiona kwa macho yangu." Tangu siku hiyo akawa anatuuzia sukari kwa heshima.

Spika ya kulipigia hatukuwa nayo. Besi ya umeme bila spika ni kama mtu anayeongea ndani ya blanketi. Yona akagundua kwamba akikaa kitandani na kukiegemeza kichwa cha gitaa kwenye kabati langu la nguo, kabati lote linaimba. Basi kila jioni akirudi kazini na rangi masikioni, kabati linaimba, henga zinagongana, na mimi jikoni najua wimbo gani unapigwa kwa jinsi gauni zangu zinavyotikisika. Nililalamika wiki ya kwanza. Wiki ya pili nilijikuta napepeta mchele kwa kufuata mapigo yake, nikanyamaza.

Kwenye kwaya yetu ya usharika walimpokea vizuri, yaani hakuna aliyejua kama amefika. Mimi naimba sauti ya pili, kwa hiyo nayajua hayo. Sauti ya kwanza wanaambiwa wameimba kama malaika. Sisi wa sauti ya pili na watu wa besi ndio tunaoulizwa nje baada ya ibada, "Kwani leo ulikuwepo?"

Lakini Yona hakuwa na haja ya sifa za usharika. Alikuwa na mtu mmoja tu, naye ni baba yake. Mzee Ernesti alishuka kutoka milima ya Lushoto akiwa kijana kuja kukata mkonge Mkwaja, na mkonge ulipokwisha akabaki kule kule. Ujanani mwake alipuliza tarumbeta kanisani, lile kubwa la besi linalomzunguka mtu kiunoni. Kwake sauti nzito ni jambo la Mungu, lakini gitaa ni jambo la baa. Yona alipokuwa mdogo alijitengenezea gitaa la kopo, na mzee akalitia motoni, maharage yakaivia. Miaka yote hiyo mume wangu alikuwa anataka kitu kimoja: baba yake amsikie akipiga, mara moja, na aseme neno moja jema.

Jaribio la kwanza tulibeba gitaa mpaka Mkwaja. Spika haipo, kabati la mzee ni la vyombo, basi Yona akachomeka waya kwenye sabufa ambayo baba yake husikilizia taarifa ya habari. Alipiga noti moja. Ilikuwa noti nzuri, nakiri. Sabufa ikakohoa, ikatoa harufu ya waya ulioungua, ikafa.

Mzee Ernesti aliitazama sabufa, akamtazama mwanawe. "Tarumbeta langu," alisema, "halikuwahi kuua redio."

Yona akamnunulia sabufa nyingine, kubwa kuliko ile, na gitaa halikutajwa tena katika nyumba ile.

Ndipo kwaya ikaamua kurekodi. Studio Yona alipiga vizuri. Nasema vizuri, na mimi si mtu wa kusifu hovyo, kaulizeni. Siku hiyo hiyo akampigia simu baba yake. "Baba, tunatoa video. Safari hii utanisikia na utaniona." Mzee akauliza kama video inaunguza vitu.

Video tulipigia Raskazone, ufukweni, tumevaa vitenge vya sare. Kwa asiyejua, kwenye video ya kwaya hakuna kitu kinacholia. Kinanda kimesimamishwa mchangani na umeme hakuna. Magitaa hayana hata waya. Wimbo unatoka kwenye spika ya dairekta, na sisi tunafungua midomo kuufuata. Kwa hiyo nani anashika nini ni suala la sura tu.

Dairekta wetu, Msafiri, kijana wa kupiga video za harusi, alipoliona gitaa la Yona alishika kifua. "Hili gitaa lina sura! Hili linanipa zile enzi!" Kisha akamtazama mwenye gitaa kwa muda, akainamisha kichwa upande huu na upande ule. "Mzee wangu, usinielewe vibaya. Wimbo ni wa shukrani. Wewe una sura ya matanga."

Mume wangu hajafika hamsini. Ni mwembamba, na akiwaza huonekana anaumwa, lakini nani haonekani hivyo?

Gitaa akavishwa Innocent. Innocent huimba sauti ya tatu, ana meno mazuri na mabega, na hajui besi ina nyuzi ngapi hata ikiwa kifuani mwake. Yona akapangwa nyuma kabisa, kwenye mstari wa mwisho, nyuma ya mwenyekiti wetu Mama Kristina, ambaye ni mrefu na siku hiyo alikuwa amefunga kilemba. Nilipoanza kusema, Mama Kristina aligeuka. "Mama Queen, kwaya ni mwili mmoja." Nilitaka kumuuliza kwa nini siku zote mume wangu ndiye kisigino.

Yona akanifinya mkono. "Niache, Mama Queen. Tunamwimbia Mungu."

Nilimwacha, lakini nilikasirika mpaka kitenge kilinibana. Nilikasirika zaidi nilipoona alivyofanya baadaye. Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi inakula nyuzi. Kila Msafiri aliposema "kata," Yona alitoka mbio kutoka nyuma na kitambaa, akamfuta Innocent nyuzi kifuani, moja moja, akarudi mbio nyuma ya kilemba. Innocent alikuwa anainua mikono juu kama anayepekuliwa na askari, anatabasamu.

Video ilipotoka, Yona haonekani. Nilimwambia, basi Mkwaja tusiende. Akasema, "Nilishamwahidi. Na sauti ni yangu, atanisikia." Tukaenda, tukavuka Pangani kwa kivuko, yeye ameishika flashi yenye video mkononi njia nzima kana kwamba ingeruka.

Wifi yangu Leticia, anayeishi na mzee, alichomeka flashi kwenye televisheni na televisheni kwenye ile sabufa kubwa. Mzee Ernesti akakaa mbele kabisa. Lazima niseme kwamba siku hizi masikio yake yamechoka. Sauti nyembamba hazimfikii tena. Ukimwita kwa sauti ya kike anaona mdomo tu. Wimbo ulipoanza alikunja uso.

"Hawa wanawake mbona wanafungua midomo bure?"

Kwa hiyo hata mimi nilikuwa bubu. Nikaguna.

Halafu besi ikaingia. Mzee aliacha kukunja uso. Alisogeza kiti, akaweka kiganja juu ya sabufa, akakiacha pale. Kichwa kikaanza kwenda taratibu, juu na chini. Miaka yote niliyoolewa katika ukoo huu sikuwahi kumwona baba mkwe akitikisa kichwa kwa kitu chochote isipokuwa kukataa. Nilimtazama Yona. Alikuwa amesimama mlangoni.

"Huyu!" Mzee akanyoosha kidole. Kwenye kioo alikuwa Innocent, meno yote nje, anakuna nyuzi kama mtu mwenye upele. "Huyu anajua kungoja. Wengi wanakimbilia. Huyu anaiacha sauti ifike yenyewe. Leticia, rudisha."

Leticia akarudisha. Mzee akasikiliza tena, kiganja juu ya sabufa, na akasema tena rudisha.

"Ni mtoto wa nani huyu?"

Yona alifungua mdomo, lakini mimi nilikuwa nimejaa tangu Raskazone. Nilimwinamia sikioni, nikapaza sauti yote niliyo nayo, nzito kama ya mwanamume. "Baba, huyo hapigi! Ameshikishwa tu! Anayepiga ni mwanao, huyu hapa, Yona!"

Mzee alinitazama kwa huruma, jinsi unavyomtazama mke anayempenda mumewe kupita kiasi. "Mkamwana wangu, masikio yangu yamechakaa, lakini macho Mungu ameniachia. Si namwona anapiga?"

Na hapo, kwa bahati niliyoilaani, Yona akatokea kwenye video. Mwishoni kabisa, ambako kwa hasira sikuwahi kufika, Msafiri alikuwa ameacha kipande kimoja kwa sababu mwanga ulimpendeza: mume wangu ameinama na kitambaa, anafuta nyuzi kifuani mwa Innocent.

"Ahaa," alisema mzee. "Sasa nimeelewa. Wewe ndiye unayemfutia chombo." Akamgeukia mwanawe, na uso wake haukuwa na dharau hata kidogo. Ulikuwa uso wa wema, na hilo ndilo lililoniuma. "Si vibaya, Yona. Hata mimi nilianza kwa kusugua tarumbeta za wakubwa."

Nilimngoja mume wangu aseme. Aliangalia kile kiganja cha baba yake, ambacho bado kilikuwa juu ya sabufa.

"Ndiyo, baba," alisema.

"Baba yake huyu kijana anajua alichokizaa?"

"Sidhani, baba."

"Basi aambiwe." Mzee akasimama, akaenda uani mwenyewe, tukasikia kuku wakipiga kelele. Alirudi na jogoo mwekundu, yule aliyekuwa akimjivunia kwa wageni, amemfunga miguu. "Mpelekee aliyepiga. Mwambie Mzee Ernesti wa Mkwaja, aliyepuliza tarumbeta la besi, amemsikia."

Tulirudi na jogoo. Kwenye kivuko Yona alimpakata, akimkinga jua kwa kofia yake. Mimi nilikuwa nimenuna. Nilimuuliza kwa nini hakunitetea, kwa nini hakujitetea. Akasema, "Ulimwona alivyokuwa anasikiliza? Ningebishana naye angekasirika, na angeondoa mkono." Halafu akaongeza, kwa ile akili yake ya mpaka rangi ambaye hata ndani ya kabati la mteja hupaka mara mbili, "Tukifika nitampelekea Innocent huyu jogoo. Nimetumwa."

Niliona giza. Nikamwacha mpaka tulipofika nyumbani, nikafunga mlango, nikamweka jogoo katikati ya sebule. "Sema maneno ya baba. Yaseme kama alivyoyasema, usipunguze."

"Mama Queen..."

"Yaseme."

"Mpelekee aliyepiga."

"Umeshampelekea," nilimwambia. "Kaa chini."

Nikamwita jirani yetu Badru aje atuchinjie, maana nilitaka nyumba zote mbili zile. Badru alimpima jogoo kwa mkono, akatikisa kichwa. "Kuku mkubwa hivi, Mama Queen, ana nini? Kuna posa?"

"Ni wa mpiga besi," nikasema.

"Mpiga besi nani?"

Badru amepakana na sisi ukuta mmoja. Kabati langu limemwimbia jioni zote hizo. Nilimpa kisu.

Jogoo nilimpika kwa nazi. Kwetu firigisi ni ya baba wa nyumba, lakini Yona tangu binti yetu Queen aote meno humpa yeye, na Queen alishanyoosha sahani bila kuangalia. Nilimwondolea sahani. Firigisi nikaiweka kwa Yona, juu ya wali, peke yake. Akaitazama, akanitazama, akaila mwenyewe, polepole, akainama ili tusimwone macho. Tulimwona. Queen alitaka kuuliza, nikamkanyaga mguu.

Kabla hatujanawa, simu ikalia. Alikuwa mzee, na kwa kuwa hasikii vizuri hupiga kelele mpaka majirani wanashiriki.

"Umemfikishia?"

"Nimemfikishia, baba."

"Alifurahi?"

"Alifurahi sana. Amekula mpaka firigisi. Anasema shikamoo, na asante."

"Marahaba. Mwambie marahaba." Tukamsikia mzee akihema, ameridhika. "Sasa na wewe, mwanangu, usikae kufutafuta tu. Kaa naye karibu, akufundishe."

"Niko naye karibu, baba," Yona alisema, akasogeza sahani niongeze mchuzi.