Shaba Iliyokula Shafti

Kwanza mnisamehe kwa mwandiko huu na kwa herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la nane, na vidole vyangu vimezoea chuma kuliko kalamu.

Ninakereza bushi, vile vipete vya shaba ambamo shafti ya mashine huzunguka, katika karakana ya mjomba, hapa Kanja. Nyumbani kwake pia ndiko ninakolala, na sina kwingine. Kwake, chochote cha rangi ya njano ni shaba, basi. Marehemu babu, aliyetuachia mashine, alinifundisha tofauti. Shaba yenye bati ni ya shafti zinazozunguka kasi. Yenye risasi ni laini, machicha yake chini ya kisu humwagika kama chumvi, nayo huvumilia oili ikipungua. Yenye alumini hung'aa kama dhahabu na kukipigisha kisu cha mashine kelele. Ni nzuri kwa pampu na gia nzito, lakini ukiivisha shafti laini, itaitafuna.

Jirani yetu, mama anayelisha watoto wake kwa mashine ya kusaga unga, alileta bushi iliyokwisha. Mjomba akanipa kipande kinachong'aa. Kisu kikapiga kelele. Nilijua. Nilifungua mdomo, nikaufunga, nikaendelea.

Wiki mbili baadaye mama alirudi na shafti begani.

"Fundi, shaba yako ina meno? Imeguguna shafti yangu kama panya!"

"Mama, hukutia oili."

"Nilitia mpaka unga ukanuka! Sasa wateja wangu wanapanda mlima na mahindi mgongoni."

Mjomba akanigeukia. "Si bushi yake ya kwanza ilikuja kavu? Mwambie."

Niliangalia sakafu.

"Unaona?" akamwambia mama. Kimya changu kilikuwa kimemjibia.

Mama alipoleta shafti nyingine, mjomba alinipa kipande cha aina ile ile. Mashine yangu imeelekea ukutani, nao wawili walikuwa wamesimama mlangoni, nyuma yangu.

"Si hii, Ankol," nikasema. "Hii ina alumini. Yake ni ya risasi."

Mama akacheka. "Kumbe huyu huongea!"

Mjomba hakucheka. "Ulijua tangu siku ile?"

Nikasema ndiyo. Kicheko cha mama kikakatika.

Nilikereza ya risasi, na sasa unga unasagwa. Lakini mama hunipita bila salamu, na mjomba huwaambia wateja kwamba mimi ndiye niliyejua. Si uongo. Kila asubuhi narudi kuutazama ukuta ule.

Kama wewe pia uliwahi kusema ukweli ukiwa umechelewa, niandikie ulifanyaje baadaye, hata mistari miwili. Nitajibu, ingawa polepole.