Kiti Maalumu na Kigoda

Jina la Kiti Maalumu alipewa wiki ya kwanza chuoni, kabla hata hajajua choo kiko wapi. Alikuwa ameingia karakana ya uhandisi, binti peke yake katikati ya wavulana, na tena wa watu wa milimani, jamii ndogo ambayo ukiikusanya yote haijazi uwanja wa mpira. Kijana mmoja mrefu, aliyeitwa Bosi kwa kupenda kwake kutoa amri, akasogeza begi lake na kusema kwa sauti, "Jamani, mpisheni. Huyu ana kiti maalumu." Karakana nzima ikaangua kicheko, na jina likaganda.

Ukweli ni kwamba alifaulu kwa alama zake mwenyewe. Chuo kilikuwa na mpango wa kuwainua wanafunzi wa jamii ndogo katika sayansi na uhandisi, nao ulimpa kitanda bwenini, kompyuta ya kuazima na masomo ya ziada kila Jumamosi. Alama haukumpa hata moja. Lakini nani angesikiliza? Akifanya vizuri, kabebwa. Akifanya vibaya, si tulisema.

Katika kundi la Bosi kazi yake ilikuwa kushika tochi, kufagia vumbi la chuma na kuandika ripoti. Mara moja alinyoosha mkono achukue spana, na Bosi akamwondolea taratibu, kama mtu anayempokonya mtoto kisu.

"Utajikata, dada. Halafu tutaitwa wabaguzi."

Binti wa fundi baiskeli huyo, aliyeshika spana kabla ya kushika kalamu. Akarudi kwenye tochi yake.

Alipokwenda kushtaki kwa Mratibu wa mpango, mama mmoja mwenye huruma nyingi na muda mchache, aliambiwa, "Vumilia, mwanangu. Watakuzoea." Kisha Mratibu akamvika kofia ngumu, akamsimamisha mbele ya mashine ya kukereza chuma na kumwita mpiga picha. Picha ikabandikwa langoni, kubwa kama mlango, na Kiti Maalumu anatabasamu kando ya mashine ambayo hajawahi kuruhusiwa kuiwasha.

Mwaka wa tatu mambo yakageuka. Kundi lilikuwa linaunda pampu, na pampu ikawagomea. Kila ikiwashwa inatetemeka kama ina homa. Wavulana walibadilisha kila kilichobadilishika. Mwisho, kwa uchovu tu, Bosi akamwachia mahesabu. Kiti Maalumu akapima na kukokotoa, akaona ekseli, ule mhimili unaozunguka ndani ya pampu, imepinda; ikanyooshwa, pampu ikatulia.

"Kiti," Bosi akasema, lile "Maalumu" amelidondosha, "leo unakula na sisi."

Alikula chipsi mezani kwao na kucheka utani ambao nusu yake hakuuelewa. Alirudi bwenini akiimba. Miaka miwili ya kula peke yake inaweza kumfanya mtu aone sahani ya chipsi ni heshima.

Mwaka huohuo akaletwa binti mwingine kutoka milimani, mwembamba, mwenye haya. Mama yake na mama yake Kiti waliishi nyumba za kupakana. Mratibu akamkabidhi: "Huyu ni mdogo wako. Mshike mkono."

Siku ya kwanza karakanani, kompresa iliponguruma, yule binti aliruka kwa hofu hadi akaangusha sinia la boliti. Zikasambaa sakafuni, wavulana wakapiga miluzi.

"Na huyu tumwiteje?" Bosi akauliza.

"Kigoda," Kiti akasema.

Lilimtoka tu. Wavulana wakashikana mabega kwa kucheka, mmoja akampiga Kiti mgongoni kwa furaha. Hakuwa amewahi kuwachekesha. Joto likamjaa kifuani, akaepuka kumtazama binti aliyepiga magoti akiokota boliti.

Kigoda hakununa. Alimwita dada na kumfuata kila mahali, na Kiti akajifunza kutoka darasani kwa mlango wa nyuma ili kumkwepa.

Kisha karakanani kikapotea kipimo cha bei kali cha kupimia unene wa chuma. Bosi hakuuliza mtu. Alichukua begi la Kigoda na kulimwaga juu ya meza: kitana, kanga, pedi, kipande cha mkate kwenye karatasi. Vijana wakavichambua kwa ncha za bisibisi, wakicheka.

Kigoda akamgeukia Kiti, na kwa lugha ya milimani, kwa sauti ya mtu anayezama, akasema, "Dada, waambie mimi si mwizi."

Wote wakamtazama Kiti.

"Amesemaje?" Bosi akauliza.

Kiti aliziona zile pedi mezani. Akilini aliiona pia meza ya chipsi.

"Sijui," akajibu. "Mimi sikukua na lugha hiyo."

Kigoda alikusanya vitu vyake kimoja kimoja. Baadaye kipimo kikaonekana mfukoni mwa koti la Bosi mwenyewe. "Kumbe ninacho!" akasema, na kazi ikaendelea. Kabla wiki haijaisha, kitanda cha Kigoda bwenini kilikuwa kitupu.

Mwisho wa mwaka wafadhili walikuja kutoa tuzo, na Kiti akapewa ya kulea wadogo zake kimasomo. Baba yake alisafiri kuja, kavaa koti la kuazima, mafuta ya minyororo bado kwenye kucha. Baada ya makofi alimvuta bintiye pembeni.

"Mama wa yule mdogo wako anakusalimu. Anasema Mungu akuzidishie. Mtoto amemweleza yote, jinsi ulivyosimama kidete walipomwita mwizi. Kilichomrudisha nyumbani ni kifua tu, anasema, vumbi la huku lilimshinda."

"Kawaambia hivyo?"

"Kasema bila wewe angekufa kwa aibu." Mzee akaifuta tuzo kwa mkono wa koti. "Umetutoa kimasomaso, mama."

Kiti akaomba radhi, akaenda nyuma ya jengo kutafuta namba ya Kigoda kwenye simu.

Alimpigia simu kesho yake. Kigoda alikuwa saluni, akijifunza kusuka, mashine ya kukaushia nywele ikivuma nyuma yake.

"Kwa nini uliwaambia nilikutetea?"

"Mama aliniuliza kama ulikuwepo. Nikasema ulikuwepo. Ningesema ukweli wote, angekwenda kugombana na mama yako, na wamezeeka pamoja."

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Nina mteja, dada. Kwaheri."

Kiti akaenda ofisini kwa Mratibu na kumweleza kila kitu, lile jina, lile begi, lile jibu. Mratibu alisikiliza huku akitazama saa.

"Mwanangu, haya tusiyafukue. Wafadhili ndiyo kwanza wametukubalia mwaka mwingine." Akafungua mlango wa chumba cha pili. Kwenye benchi alikaa binti mpya, viatu vimemzidi mguu. "Tena nilikuwa nakutafuta. Mpeleke karakana."

Wakashuka ngazi pamoja. Binti akamuuliza kama watu wa huko ni wazuri.

"Hapana," Kiti akasema. "Na mimi pia si mzuri. Wakikuonea, piga kelele. Usinisubiri mimi."

Binti akatabasamu, akidhani anataniwa, akamshika mkono.