Mweupe Aliyekataa Kuanguka

Baba mkubwa alimpiga mnyama mweupe risasi mbili, na mnyama akakataa kuanguka.

Nilisikia yote kwenye redio ya mkononi, mimi nikiwa nyuma ya msonobari nalia kama mtoto.

Tulieni niwape mkanda mzima.

Naitwa Ylva. Kwetu ni Norrtjärn, huko Värmland, kaskazini ya mbali kwenye misitu na baridi, kijiji cha nyumba kumi na nne, na kila Oktoba tunawinda ayala. Sisemi yule mdogo wa kwenye Zaburi. Huyu wa kwetu anampita farasi kwa kimo, na pembe zake ni kama sinia mbili za pilau.

Kundi letu ni watu tisa. Kiongozi ni baba mkubwa Torgny, kaka wa marehemu baba. Baba alifariki Februari, nafasi yake kwenye kundi nikairithi mimi, pamoja na fulana yake ya rangi ya chungwa. Inanifika karibu na magoti lakini sijaipunguza hata uzi.

Sasa, msituni kwetu kuna dume mmoja mweupe pee. Si mgonjwa. Macho yake ni meusi kama ya wenzake, ni rangi tu aliyozaliwa nayo. Baba alimwona akiwa bado ndama, akamlenga, akashusha bunduki. Jioni ile kundi zima likakubaliana mbele ya moto: mweupe haguswi.

Hakuna aliyeandika popote. Kwetu neno likishasemwa mbele ya moto, limesemwa.

Basi Jumatatu ya kwanza ya msimu, alfajiri, ukungu mzito. Tumeshapiga kura za vituo vya kuvizia kwenye kofia, kila mtu na namba yake. Baba mkubwa akamwaga kahawa iliyobaki kwenye kikombe, akasema:

"Mwaka huu mweupe anaingia kwenye sufuria."



"Tulikubaliana," nikasema.

"Alikubali baba yako. Mimi nimechoka. Watu wanakuja na kamera, wanakanyaga shamba langu, wanaacha mageti wazi. Halafu yule ni kasoro. Ukimwacha anaharibu mbegu yote."

"Kasoro gani? Ana miaka saba mle msituni. Lini amekuja kukuomba nyasi?"

Sixten, dereva wa lori la magogo, alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Baba mkubwa hakucheka.

"Wewe mtoto, shughulika na mbwa wako. Maneno waachie waliokutangulia."

Haya, mbwa wangu. Tussa ndiye mbwa pekee kwenye kundi anayejua kumsimamisha ayala na kumbwekea mpaka mwindaji afike. Bila Tussa mnakaa vituoni mnahesabu sindano za misonobari.

Nikamfunga kwenye bampa ya gari. Mbele yao wote.

"Tussa hamkimbizi mweupe," nikasema. "Mkitaka, mbweke wenyewe."

Uso wa baba mkubwa ukawa mwekundu.

"Jioni, nyama ikishagawanywa, hiyo fulana unairudisha. Nafasi kwenye kundi huna."

Jamani, iliniuma. Ile fulana ndiyo kitu pekee kilichobaki na harufu ya baba. Lakini nikajiambia, kama baba alishusha bunduki, mimi siwezi kushindwa kuvua fulana.

"Sawa," nikamjibu. "Nitairudisha imekunjwa vizuri."

Nikaenda kituoni kwangu, na huko ndiko machozi yalikonishika.

Saa tatu kasoro, pwaa! Mlio ukatoka kituo namba tano, mwisho wa shamba la baba mkubwa. Redio ikakwaruza, sauti ya baba mkubwa:

"Nimempata! Mweupe! Nimempata!"



Halafu: "Amesimama tu. Hatikisiki."

Pwaa! Ya pili.

"Bado amesimama! Mkaidi huyu!"

Redioni ikaingia sauti ya mzee Birger, miaka themanini na moja, kituo namba nne. Pole pole, kama mtu anayeomba chumvi.

"Torgny, mwanangu. Hebu msogelee umwangalie pua."

Tukakimbia wote. Ukungu ulikuwa unaanza kunyanyuka. Baba mkubwa amesimama, bunduki inaning'inia, mdomo wazi.

Mbele yake kuna robota la nyasi.

Mnayajua yale marobota makubwa ya nyasi za ng'ombe, yanayozungushiwa plastiki nyeupe? Moja liliporomoka mteremkoni likajibana kwenye vichaka, na nyuma yake matawi makavu mawili yamechomoza kama pembe. Matundu mawili, safi kabisa, yanatoa maji ya kijani yenye harufu ya siki.

Robota lenyewe ni lake. Alilifunga kwa mkono wake mwezi wa nane.

"Na mweupe mwenyewe?" Sixten akauliza.

"Alikuwa nyuma yake," akasema mzee Birger, ambaye kituoni kwake ukungu ulishanyanyuka mapema. "Hatua arobaini, anatafuna mti. Risasi ya kwanza aligeuka kutazama. Ya pili akaona huyu jamaa si mzima, akaondoka."

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Baba mkubwa ana kanuni anayolisomea kundi kila mwaka: anayepiga asichokitambua, bunduki yake inalala mpaka msimu ujao. Hakuna aliyemkumbusha. Aliifungua mwenyewe, akatoa risasi, akamkabidhi mzee Birger. Kwa hilo nilimheshimu, siwezi kudanganya.

Mchana nikamfungulia Tussa, Sixten akaangusha ndama wa kahawia. Jioni tukagawana.

Kwetu nyama hupangwa marundo sawasawa juu ya turubai. Mgeni wa kundi hugeuka, hayaoni. Mwingine ananyoosha fimbo, anauliza, "La nani hili?" Ukishataja jina, rundo halirudishwi, hata liwe la mifupa. Mgeni wa kundi nilikuwa mimi, fimbo alikuwa nayo mzee Birger.

"La nani hili?"

"Sixten."

"La nani hili?"

Kabla ya hilo, mzee alikohoa. Mara mbili. Nikasikia watu wanabana vicheko.

Risasi mbili, kikohozi mara mbili. Mimi si mjinga.

"Torgny," nikasema.

Nikageuka. Rundo la nyasi mbichi za robota, na juu yake kipande cha plastiki nyeupe chenye tundu.

Walicheka mpaka wakakaa chini. Baba mkubwa aliliangalia rundo lake, akaniangalia mimi.

"Rundo halirudishwi," akasema, akalibeba kifuani, akaanza kuondoka.

"Vipi," Sixten akapaza sauti, "na fulana nani anairudisha?"

Baba mkubwa hakusimama. "Abaki nayo," akajibu. "Na mweupe haguswi."

Tulikuwa mbele ya moto, kwa hiyo limesemwa.

Asubuhi nilipita kwake. Zile nyasi alikuwa amezimwaga nyuma ya ghala, karibu na msitu. Zilikuwa zimeliwa zote. Pembeni kulikuwa na alama za kwato pana matopeni, na kwenye waya wa uzio nywele ndefu nyeupe.

Nimejifunza hivi: ukiwa na haraka ya kumwondoa aliye tofauti, hutamwona hata akiwa nyuma yako. Na anayekwambia rudisha fulana, mwambie sawa, ila usipige magoti.

Unywele mmoja ninao kwenye mfuko wa fulana ya baba. Na mwambieni baba mkubwa kwamba mweupe hakuomba nyasi. Aliletewa.