Sabuni Imesema Nini?

Hapana! Ile barabara yetu ya Kasongo haikuitwa Sabuni kwa sababu ya duka ya sabuni. Nani alishauza sabuni pale? Mimi Asha nilizaliwa pale pale, nyuma ya mashini ya kushona ya baba. Walikuwa wanauza samaki mukavu na vitambaa, basi. Uliza kwanza, kisha sema.

Tulikuwa wadogo, wakati wa vita ya Wazungu. Gazeti ya Kiswahili ilikuwa inafika na kamyo, ile lori ya mizigo, imezeeka, inanuka mafuta. Baba alikuwa mutu wa chuoni, wa Kurani. Herufi za Wazungu alijifunza yeye mwenyewe kwa maandiko ya masanduku. Basi gazeti nayo alikuwa anaifungua kama kitabu cha chuoni, cha Kiarabu: nyuma njo mbele, ukurasa wa mwisho njo wa kwanza. Na kule nyuma, kila mara, iko tangazo ya sabuni. Mashini inanyamaza, watu wamekaa barazani, muhogo wa kuchoma unapita mukono kwa mukono, baba anakohoa, anasoma kwa sauti: "Sabuni nzuri, inatoa uchafu yote!" Sisi watoto tunaitika: "Yoteee!" Kisha habari za vita.

Njo watu wakaanza kuuliza: "Sabuni imesema nini?" Kwanza baraza ya baba, kisha barabara, kisha mupaka kule Kabambare kila gazeti ikawa Sabuni, na barabara yetu ikapata jina hilo hilo.

Siku moja karani wa biro ya serikali akapita na viatu vyake vya kung'aa, akacheka mbele ya watu wote: "Muzee, unaanzia kwenye mukia!"

Baba akakunja gazeti. Juma nzima akashona tu, gazeti imekunjwa chini ya mashini. Wallahi, nilitaka kumuuma yule karani.

Njo Mama Zena, jirani yetu, mwenye mutoto wake alichukuliwa kuwa askari, akaleta kiti, akaiweka mbele ya mashini. "Baba Asha, anza kwa mukia, anza kwa tumbo, ni shauri yako. Mimi nataka kujua kama vita ya mutoto wangu imeisha."

Baba akachukua gazeti. Akafungua, kule kule nyuma. "Sabuni nzuri..." Barabara nzima ikaitika.

Vita ilikuwa haijaisha. Mama Zena alirudi na kiti yake kila kamyo ilipofika.

Leo nyinyi wa masomo munafungua mbele, munasoma kimya, midomo imefungwa kama mwenye kuumwa meno. Munanicheka: "Baba yako alikosea." Ndiyo, alikosea! Na wewe unayeanza vizuri, umemusomea nani?