Jina Kwenye Chupa ya Mkojo

Jumanne nilikuwa katika kituo cha afya huku Masisi, nikisubiri vidonge vyangu vya presha. Muuguzi alitoka na karatasi ya majibu kutoka Goma, akaita jina la mwanamke. Akaita tena. Mama mmoja muuza maharage akajibu polepole, "Huyo alikufa, tulimuzika kule kijijini Shasha."

Mwanamke mwenye madoa mashavuni akasimama. "Njo mimi. Hiyo karatasi iko yangu."

Benchi zima lilisogea mbali naye.

Ana lupus, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe. Kujua kama umefika kwenye figo, madaktari hutoa kipande cha figo kwa sindano. Katika vita hivi, damu isipokoma tutamkimbiza wapi? Ndiyo maana mkojo wake ulipelekwa Goma, ambako wanajaribu kusoma alama za ugonjwa wa figo ndani yake.

"Mama, hii jina iko ya nani?" muuguzi aliuliza.

"Ya dada yangu. Kule barieri ya barabarani, watu ya bunduki wanasomaka majina kwenye chupa. Yeye hawawezi kumuua tena."

Muuguzi alitazama karatasi. "Figo zimeguswa. Lazima niagize dawa leo. Niandike nani?"

"Yeye tu. Jina yake ilipita muzuri kule barieri."

Mapadri walinifundisha kuandika jina kama lilivyo kwenye cheti cha ubatizo, na nimewasumbua makarani wengi kwa ajili hiyo. Muuguzi aliponiomba nimwandikie fomu ya dawa, niliandika jina la marehemu, herufi kwa herufi, bila kosa.