Kiti Kisicho na Mgongo

Harufu ya banda lile haijanitoka puani: maranda ya mbao mbichi za mlingoti, yamechanganyika na maganda ya kahawa yaliyoanza kuchacha nyuma ya ukuta. Nikiisikia popote, hata hapa Tunduma penye moshi wa malori, miguu hunichoka ghafla kana kwamba bado mimi ni yule mtoto wa kike aliyesimama mchana kutwa akimshikia mama yake ncha ya ubao. Banda lilikuwa Mlowo, nyuma ya kanisa letu. Kanisa lilipokwisha kujengwa, vifaa vya ujenzi vilibaki: msumeno, randa, patasi, keekee ya mkono, na jiliwa la kubania mbao, lililofungwa kwenye meza nzito. Wazee wa kanisa wakasema visiuzwe, vikae palepale, na yeyote mwenye hamu ya kutengeneza kitu chake aje avitumie. Mafundi wa biashara walikuwa na karakana zao kando ya barabara kuu. Banda hili lilikuwa la watu kama mama yangu, mkulima wa mahindi na kahawa, ambaye hakuwa na hata nyundo ya kwake lakini mikono ilimwasha kila alipoona ubao.

Hapakuwa na malipo. Sharti lilikuwa moja tu: kifaa ukirudishe kikiwa kikali kuliko ulivyokikuta. Mzee Silwimba, aliyeshika ufunguo, hakuamini maneno ya mtu. Kila kisu cha randa na kila patasi alivijaribu kwa kujinyoa malaika, vile vinyweleo laini vya mkono wake wa kushoto, mpaka mkono ule ukabaki laini kama wa mtoto mchanga, na sisi watoto tukawa tunaucheka kwa siri. Hakuwa mtu wa maneno matamu. "Mama Neema," alimwambia mama siku moja, "hii umeinoa au umeipapasa?" Mama akarudi kwenye jiwe la kunolea, nami nikalimwagia maji, na tukanoa tena hadi mabega yakauma. Kuchoka kwangu kwa kwanza maishani nilikujua pale. Kulikuwa kuchoka kuzuri, kwa sababu aliyekuja baada yetu alikuta kifaa kimekaa tayari, kama sisi tulivyokuta.

Mwaka ninaoukumbuka, baada ya kahawa kuvunwa, mama alianza kiti cha kumpelekea bibi, mama yake, kule Itaka. Kwetu watu walikalia vigoda. Kiti cha kuegemea kilikuwa cha mchungaji na cha wageni. Lakini bibi alikuwa amesema, huku akicheka na kukunja uso kwa maumivu, "Mgongo huu umebeba watoto, umebeba kuni, umebeba mahindi. Sasa na wenyewe unataka kubebwa." Mama akamwahidi kwamba mvua hazitanyesha kabla hajakaa akaegemea. Alipiga miguu randa, akaunganisha fremu, akapigilia ubao wa kukalia. Miguu miwili ya nyuma aliiacha mirefu, ipande juu na kushika mgongo. Vikabaki vibao vya kuegemea tu, vikatwe kwa msumeno, na matundu ya kuvipachika yatobolewe kwa patasi.

Hapo ndipo ugomvi ulipoingia. Baba Tumaini, jirani yetu, aliichukua randa akaenda nayo nyumbani kutengeneza milango ya kuuza, akairudisha kisu kikiwa na pengo. Wengine wakasema kama yeye anaruhusiwa, basi na wao. Maneno yakawa mengi. Jumapili moja baada ya ibada watu walikaa kikao, na kwa kuwa walikuwa watu wa amani waliochoshwa na kelele, walipata dawa iliyompendeza kila mmoja: vifaa vigawanywe, kila nyumba iliyokuwa ikitumia banda ichukue kimoja, pasiwe na wa kunung'unika. Walipiga makofi. Mama naye alipiga. Alipewa randa ileile, akaibeba kifuani hadi nyumbani akiimba pambio.

Wimbo ulimwishia pale alipohitaji msumeno. Kidole kimoja hakivunji chawa, na sasa kila nyumba ilikuwa na kidole chake. Nilitumwa kwenye nyumba iliyoupata, nikauona umetundikwa ukutani, lakini mwenye nyumba akanijibu, "Mwambie mama tunautumia." Patasi ilikuwa imeangukia kwa Baba Tumaini, naye alikuwa ameshapanda pikipiki kwenda Galula kuchimba dhahabu, patasi ikiwa mkobani. Bandani hakuna aliyekuwa akiomba. Ulichukua, ukafanya, ukanoa, ukarudisha. Lakini kifaa kikishaingia nyumbani mwa mtu kinapata mlango, na mlangoni lazima ubishe hodi, ueleze shida zako, uangaliwe. Baada ya safari chache mama alikataa kunituma tena. Alisema nguo ya kuazima haisitiri matako, akaenda zake shambani. Nilimwonea uchungu, na nilimkasirikia pia, kwa yale makofi.

Mvua zilianza. Kiti kilipelekwa Itaka kimefungwa nyuma ya pikipiki, miguu miwili ya nyuma imesimama juu bila kitu katikati. Bibi alikisifu sana. Kisha akakivuta mpaka ukutani, akakaa, akaegemea ukuta. Aliponyanyuka kutuaga, kitenge chake kilikuwa na udongo mwekundu mgongoni, na mama akampangusa taratibu. Hivyo ndivyo bibi alivyokitumia mpaka alipofariki, na kiti kikarudi kwetu.

Leo mama ninaishi naye hapa Tunduma, na mgongo unaouma sasa ni wake. Nilimwambia nikipeleke kiti kwa fundi. Akakataa katakata: "Kile nitakimaliza mwenyewe, wewe unishikie ubao." Kwa hiyo nimekuwa nikitafuta. Baada ya kazi nazunguka karakana hadi karakana kuuliza kama tunaweza kutumia msumeno na patasi palepale, mchana mmoja tu. Wananicheka kwa upole. "Tuachie hapa, dada, nenda kanywe chai, utakikuta tayari." Siwalaumu, vifaa vile ni riziki yao. Kijana wa jirani alinionyesha kwenye simu kwamba miji mikubwa ina karakana za pamoja, watu wasio na vifaa wanaingia na kutengeneza wapendavyo. Nilimuuliza iliyo karibu iko wapi. Akatelezesha kidole kwenye kioo, akatelezesha tena, mwisho akaizima simu. Najua ningeweza kununua. Ningenunua msumeno, patasi, jiliwa na meza yake, kisha nivipange wapi katika vyumba viwili vya kupanga? Mlowo nako nilipita. Banda limekuwa safu ya maduka, na msumeno niliukuta kwenye ukuta uleule, umeliwa na kutu hadi meno yamekwisha. Hakuna aliyeutumia miaka yote hiyo. Nilichoka kuliko nilivyowahi kuchoka jiweni.

Jana nilitoa ile randa ya Mlowo chini ya kitanda. Sikuwa na la kufanya nayo; nilitaka tu kuitoa kutu. Nikalowanisha jiwe, nikanoa kisu kama nilivyofundishwa, nikakijaribu kwenye mkono wangu wa kushoto, na malaika yakatoka. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake, amekisogeza ukutani, chokaa nyeupe imemganda mgongoni.

"Imekata?" akauliza.

"Imekata, mama."

"Haya, kairudishe. Wenzio wanasubiri."

Sikujua kama ananitania au amesahau. Nilisimama mlangoni na randa mkononi, malori yakipita kuelekea mpakani, kisha nikaifunga kitambaa chake na kuirudisha chini ya kitanda.