Nyumba ya yaya mu groupe ya photo

Mie siko photographe. Nauzishaka biatu ya occasion, ya mitumba, na masomo niliachia ku troisième secondaire. Bantu ba adabu banasemaka «alisimamisha masomo», kama vile masomo ilikuwa taxi na mie nilinyoosha mukono. Mais niko na appareil ya photo. Niliikamata ku Mokambo, ilitoka ng'ambo ya Zambia. Kifuniko ya batterie nafungaka na scotch ya kubandika, na bouton ya kupigia haisikie mpaka uifinye nguvu na kuitukana kidogo.

Na ile appareil njo nilingia mu groupe moya ya telefone, groupe ya bantu ba Lubumbashi benye kupenda photo. Hapana bale ba mariage benye kulipwa. Sisi tulikuwa ba bure: kuamka asubui, kupiga jua, ndege, kuku ya jirani, na kutuma mu groupe bengine baseme. Na balikuwa banasema, bwana! Kulikuwa dini mbili: benye appareil ya musitari nyekundu, na benye ya musitari ya manjano. Kila siku vita. Mie, appareil yangu musitari ilishatoka zamani, basi banaume ba pande zote mbili balikuwa bananicheka kwa umoja.

«Petit, ile bombe yako ya scotch, photo inatoka na harufu ya soksi.»

«Harufu ni ya biatu, vieux,» namujibu. «Mie ni muchuuzi, nafanyaka publicité.»

Niliwapenda. Niseme tu kweli, juu ya vile mbele huku nitawatukana: niliwapenda. Walinifundisha kuweka muntu pembeni ya dirisha, kungoja lumière, ile mwangaza muzuri, kusafisha objectif, kioo ya mbele ya appareil, na nguo laini hapana na chemise. Bure, na nyongeza ya matusi.

Admin alikuwa papa moya, muntu mukubwa wa bureau mu ville, objectif yake ndefu kama mukono ya muchezaji wa basketball, na hakuna muntu alikuwa na ruhusa ya kuipumulia. Yeye njo aliweka desturi ya légende: kila photo lazima iwe na maneno mafupi chini yake, maneno ya kugusa roho. Ukituma photo bila légende, anaifuta. Basi kila muntu akakuwa mushairi. Photo ya kuku: «Na kesho nitakuwa nani?» Photo ya jirani anachota maji: «Alingoja.» Tulicheka, mais tulizoea.

Ile mwaka bintu bilikuwa binavunjika kila fasi. Unga ilipanda mpaka bukari, ugali yetu, ikakuwa ya kugawa na jicho. Courant, ile umeme, ilikuwa inakuya kama mugeni. Na ku Kivu vita ilikuwa inakula miji. Mu groupe tulikuwa na papa moya wa Kivu ya Kaskazini, mufanya biashara wa jumla, depot yake ya bintu iko Ruashi, hapa Lubumbashi, na camion. Alikuwa na appareil ya bei kupita sisi bote na hakujua hata kuifungua. Siku moya akaandika kama mama yake hapatikane ku telefone, nani iko na ndugu ule upande, amusaidie kuuliza. Moya akajibu vizuri. Mwengine akaleta politique. Wa tatu akatukana kabila. Mbele ya bukari ya mangaribi groupe ilikuwa inawaka moto, na admin akaweka règlement: «Humu ni photo na matériel, basi. Vita, kilio, kanisa, politique, hapana. Audio pia hapana.» Ule papa wa Kivu akaandika «Pardon». Muntu anatafuta mama yake, na yeye njo anaomba pardon. Kisha akarudia kuuliza maswali yake ya mutoto: bouton hii ni ya nini, photo yangu iko nyeusi juu ya nini.

Sasa nikuye ku yangu.

Yaya wangu, dada wa kwanza kwetu, alikuwa na nyumba Naviundu, chini karibu na mto. Bwana yake alikufa zamani. Ile nyumba aliijenga na congélateur. Sichekeshe: congélateur moya, friji ya kugandisha, kubwa, nyeupe, ndani pembeni ya mulango. Samaki ya baridi, ma-sucré, ile soda, maji ya sachet. Kila mara samaki iliuzika vizuri, ukuta ulipanda kidogo. Congélateur njo ilikuwa bwana yake, Mungu anisamehe, na haikunywa pombe.

Kisha bakubwa ba serikali bakasema nyumba za kando ya mto zitoke. Bakapiga misalaba nyekundu ku bikuta. Bantu bakaenda kulia ku bureau hii na ile, bakaonyesha makaratasi, bakaambiwa bangoje. Tukangoja. Siku ya kuvunja haikutangazwa. Tulisikia tu machine ya kubomolea asubui, inashuka kutoka ku barabara, nyumba kwa nyumba, na bapolisi nyuma. Yaya alikuwa ku mwisho ya musitari. Jirani mwenye kuhesabu vizuri akasema: kwenu itafika midi, saa sita ya muchana.

Bintu bidogo tulitoa na kichwa. Mais congélateur! Na kila charette ya kusukuma ya quartier, kila pick-up, ilikuwa ilishakamatwa na bale ba juu benye kuona machine mbele yetu. Nikakimbia ku barabara, nikarudi mikono mitupu. Yaya alikuwa amesimama mu mulango, bassin ku kichwa, na nyuma yake juu ya tôle, ile bati ya jirani, mukono ya machine ilikuwa imeinuka, na poussière, vumbi yote, inapitishwa na jua.

Nikapiga photo. Bouton ilisikia mara ya kwanza, mwizi ule! Na mie mwenyewe niliona ni photo muzuri. Nilipitisha carte ya appareil mu telefone na kuituma mu groupe, juu ya vile mule kulikuwa bantu benye magari, na nikaandika chini:

«Hapa ni kwa yaya wangu, Naviundu. Machine inafika midi. Congélateur iko ndani. Nani iko na gari?»

Jibu hazikukawia. Nazijua kwa kichwa.

Admin njo alikuwa wa kwanza: «Petit! Leo umenifunga kinywa. Légende iko kali. "Nani iko na gari?" Musikie ile kimya nyuma yake.»

Mama moya wa pharmacie, mwenye kupigaka ndege: «Lumière ya Mungu. Mais nyumba imelala upande wa kushoto. Nyoosha.»

Imelala, mama. Inavunjwa!

Kijana wa musitari ya manjano: «Na ile ya scotch njo umetoa hii? Bon, appareil si kitu, jicho njo kitu.»

Wa musitari nyekundu: «Na yangu poussière ingetoka na détail zaidi.»

Nikaandika: «Bandugu, hapana légende! Ni kweli. Natafuta gari, sasa hivi!»

Admin: «Njo ile! Anaendelea kubakia ndani ya photo. Mujifunze, bengine.»

Nikatuma audio. Nilitaka basikie machine, basikie bana ba jirani banalia, basikie sauti yangu mie mwenye kuchekaka kila siku. Haikupita muda, audio ikapotea. «Audio hapana, ndugu. Règlement.» Nikamuita admin ku telefone. Akakata, akaandika: «Niko réunion. Mambo ya photo mangaribi.» Nikaita ule papa wa Kivu mwenye camion, telefone ikalia mpaka ikachoka. Kisha yangu ikazimika, batterie ilikuwa imekufa mu mambo ya lumière.

Hapa bantu bananiambiaka: «Mais weye, kila siku unacheka, nani atajua siku ya kweli?» Nasema: muntu mwenye kuchekaka, nyumba yake haivunjike? Kuna tôle ya bachekaji na tôle ya benye akili? Musinikasirishe tena.

Tulitoa congélateur siye mbili, yaya na mie. Haikupita mulangoni: siku aliinunua, mulango ulikuwa haujawekwa. Basi tukavunja mulango siye benyewe. Machine iko inakuya kutuvunjia, na siye tunaisaidia kazi. Yaya akalaza mulango chini, tukasukuma congélateur juu yake, tukavuta kama mutumbwi ku nchi kavu. Nilianguka. Nikaamka. Yaya akasema: «Weye unafaa kupiga photo tu,» na sikujua kama anacheka. Tulifika ku barabara. Tulipogeuka, tôle ilikuwa inakunjika kama karatasi ya mikate. Matofali yenye alinunua na samaki, moya moya, yalilala yote kwa mara moya.

Ile usiku tulibakia pale na congélateur, juu ya vile wezi nao bako na desturi yao.

Asubui, ilikuwa samedi, bureau zimefungwa, magari yakafika.

Nilizania ni ya bapolisi. Hapana. Ilikuwa groupe yangu! Jeep ya admin. Gari ndogo ya mama wa pharmacie. Kijana na pikipiki. Na nyuma, camion ya papa wa Kivu, tupu, safi, unaweza kubeba mule nyumba yote ya yaya na kuku ya jirani juu yake. Bakashuka na ma-sac ya appareil, na miguu tatu ya kusimamishia appareil, na maji ya kunywa. Nilikuja kujua nyuma: mangaribi photo yangu ilichaguliwa photo ya juma, na bakapanga sortie, kutoka bote pamoya kupiga photo. «Naviundu, mbele ya poussière kulala.»

Admin akanikumbatia. Bwana, akanikumbatia! «Artiste! Unafikaka mbele ya bote!» Kisha akaona yaya. «Njo yeye! Yaya, tafazali, simama tena mu mulango kama jana. Jua ikuwe nyuma.»

Yaya akamuangalia kutoka biatu mpaka kofia. «Mulango, papa? Mulango njo hiyo umekanyaga.»

Admin akaangalia chini. Biatu yake, nyeusi, ya bei, ilikuwa juu ya mulango ya yaya. Akashuka pole pole, kama muntu mwenye alikanyaga kaburi. Na mie, mwenye kupatiaka kila muntu cha kucheka, nikakosa. Ile yenye ilitoka haikuwa ya kuandika. Niliwaambia jana midi mulikuwa wapi na haya magari? Niliwaambia nyumba ya mama yenu njo imelala upande wa kushoto. Niliwaambia bingine na lugha ya soko ya biatu. Mama wa pharmacie akaanza kulia. Kijana akaficha appareil nyuma ya mugongo, kama muntu amekamatwa na kuku ya wengine.

Kisha nikageukia papa wa Kivu. Yeye njo alinichoma zaidi. «Na weye? Hata weye, papa? Weye unajua!»

Hakukasirika. Alisema pole, macho iko ku congélateur: «Ndugu, nilizania ni photo. Siku ya mama yangu mulinifundisha: humu ni photo tu. Nilishika ile somo.»

Nikainama, nikashika chini ya congélateur.

Yeye njo alifungua nyuma ya camion. «Iko courant ku depot yangu Ruashi, siku zingine,» akaambia yaya. «Chumba pia iko.» Yaya hakumuuliza bei, hakumushukuru. Alishika upande moya wa congélateur, akamuonyesha admin upande mwengine na kidevu. Ule wa uzito. Admin akatafuta fasi ya kuweka appareil yake, hakuna. Pote ni matofali na poussière. Akainama nayo mu shingo. Kila kutembea, ile objectif yenye hatukuruhusiwa kuipumulia inapiga ku congélateur: ko, ko, ko. Hakuna mwenye alipiga photo. Mie mikono yangu ilikuwa chini ya congélateur.

Mangaribi, Ruashi, courant ikakuya. Congélateur ikanguruma, yaya akaweka mukono juu yake, akaiacha pale. Telefone yangu ikakula courant nayo. Groupe ilikuwa imejaa. Bale bengine benye habakukuya balikuwa bananipongeza kwa photo ya juma, bananiuliza nilifungua objectif namna gani.

Yaya akaona nasoma. «Njo bale bantu? Banasema nini juu yangu?»

«Banasema lumière ilikuwa muzuri.»

«Kuna mwenye anauliza nililala wapi?»

Nikapandisha na kidole. Nikashusha. Nikapandisha tena, kama vile jibu ilikuwa inajificha nyuma ya photo ya ndege.

«Hakuna.»

Akafikiri. Yaya ni mufanya biashara, hasira haimuzuie kuhesabu bateja. «Basi baandikie. Baambie niko Ruashi, nyuma ya depot. Kesho kutwa samaki itakuwa, na sucré ya baridi. Bakuye.»

Telefone ilikuwa mu mukono, courant iko, bantu mule ni bengi, na benye franga. Akangoja. Nikairudisha mu mufuko, sikutaka kubaandikia tena. Akasema weye una roho mubaya. Nikasema ndiyo, yaya, na nikaenda nje kukalia tofali.